Hataza na Bei ya Kidonge (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona hataza ni kitu gani: mvumbuzi hupewa haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20, na muda huo wote bei huipanga yeye. Mtu wa Buyenzi anayehesabu faranga zake kwenye duka la dawa atauliza: mimi yananihusu nini?

Yanamhusu, ila si kwa njia anayodhani. Burundi imo katika Shirika la Biashara Duniani tangu Julai 1995, na mwaka 2009 ilitunga sheria yake ya mali ya viwandani. Hata hivyo, kwa kuwa ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, hailazimishwi kulinda hataza za dawa. Msamaha huo ulitokana na Azimio la Doha la Novemba 2001. Ulikuwa uishe 2016, ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2033.

Lakini ruhusa ya kupika yamfaa nini asiye na jiko? Dawa zetu nyingi hutoka India, na bei yetu hupangwa huko. Sheria ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Mkemia akigundua njia nyingine, hapakuwa na wa kumzuia. Ndiyo maana Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai iliweza kuwapa Madaktari Wasio na Mipaka dawa za UKIMWI za mwaka mzima kwa dola 350 kwa mgonjwa, wakati zenye nembo zilipita dola 10,000. Mlango huo ulirudishwa mwaka 2005, India ilipoanza kutoa hataza kwa dawa zenyewe.

Majirani zetu Rwanda walijaribu njia nyingine. Julai 2007 waliarifu kwamba wataagiza dawa za UKIMWI Kanada kwa leseni ya lazima, yaani kibali cha serikali cha kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza. Shehena ya kwanza iliondoka Septemba 2008. Zaidi ya mwaka mzima wa makaratasi, na mgonjwa anasubiri! Kwa maoni yangu, utaratibu huo uliandikwa na watu wasiojua foleni ya zahanati.

Wiki ijayo twende Nairobi, ambako mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wagonjwa walioogopa kwamba dawa zao za bei nafuu zingeitwa bandia.