Fahamu: Namna Chumvi ya Ardhini Inavyochimbwa kwa Maji

Na Mwandishi Wetu – Kibaha

Mkazi wa Tumbi, Kibaha, anaponunua pakiti ya chumvi dukani, hudhani kuwa imetoka baharini. Dhana hiyo ina msingi, kwani Mkoa wa Pwani una mashamba ya chumvi, yakiwemo ya Bagamoyo, ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua. Hata hivyo, ipo pia chumvi inayotoka chini ya ardhi.

Mfano wa karibu ni Uvinza, mkoani Kigoma, ambako chemchemi za maji ya chumvi hububujika jirani na Mto Malagarasi. Utafiti wa mambo ya kale umebainisha kuwa wenyeji walichemsha maji hayo katika vyungu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hapo maji ya ardhini yenyewe ndiyo yanayoyeyusha chumvi na kuipandisha juu.

Pasipo na chemchemi, mwekezaji huchimba kisima kirefu hadi kwenye tabaka la chumvi, kisha husukuma maji baridi kupitia bomba. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha takribani gramu 360 za chumvi. Maji hayo hupandishwa juu kwa bomba jingine, husafishwa na kukaushwa hadi chumvi ibaki.

Njia hii haihitaji wachimbaji kushuka ardhini, lakini huacha pango. Katika mji wa Northwich, Uingereza, uvutaji holela wa maji ya chumvi katika karne ya 19 ulisababisha ardhi kudidimia na majengo kuinama. Aidha, bomba likivuja, visima vya maji ya kunywa huweza kuharibika. Ndiyo maana leseni ya madini na tathmini ya athari kwa mazingira ni mambo ya lazima, si urasimu.

Iwe ya baharini au ya ardhini, chumvi haina madini joto ya kutosha hadi iongezwe kiwandani. Upungufu wake husababisha goita, na kwa mjamzito huweza kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Wananchi wanashauriwa kununua chumvi iliyofungashwa yenye maelezo ya madini joto na alama ya ubora ya TBS, na kuihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na joto.