Kinga Hung'olewa Kwanza

Grainda ya inchi nne na nusu huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Diski ya inchi saba imetengenezwa isizidi mara 8,500 hivi. Namba zote mbili zimechapwa, moja kwenye mashine na nyingine kwenye diski, lakini fundi mwenye geti la kukabidhi jioni hazisomi. Diski kubwa haiingii kinga ikiwapo, basi anaing'oa, anakaza nati, kazi inaendelea. Diski ikipasuka, vidole ndivyo vilivyo karibu.

Kwenye kazi za samani, kama katika karakana za Keko, Dar es Salaam, wa kuogopwa ni msumeno wa meza. Ubao ukiubana msumeno kwa nyuma hurushwa kumrudia fundi, na mkono uliokuwa ukiusukuma huweza kuvutwa hadi kwenye meno. Dawa ni bamba jembamba la chuma nyuma ya msumeno, lizuie mpasuko usijifunge, na kijiti cha kusukumia ubao unapokaribia kwisha. Kijiti chenyewe ni kipande ambacho kingeishia kwenye jiko la mama ntilie, kwa hiyo tusidanganyane kuhusu gharama. Kinachouma ni muda: fundi anayelipwa kwa mlango au kwa kitanda huona kinga inamlia muda.

Marekani ipo SawStop, ubunifu wa Steve Gass: umeme mdogo hutambua ngozi, na msumeno husimama ndani ya milisekunde 5 hivi. Breki huteketea papo hapo, msumeno nao kwa kawaida huharibika. Tena ubao mbichi, ambao kwetu si mgeni, unaweza kuidanganya.

Ajali ikishatokea, nani analipa? Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015 na kuchangiwa na mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.5. Mwenye karakana anayewalipa mafundi watano shilingi 300,000 kila mmoja kwa mwezi atachangia shilingi 7,500.

Shida ni kwamba fidia ya ulemavu hukokotolewa kutoka kwenye mshahara. Kibarua anayepewa chake mkononi, mlango kwa mlango, bila mkataba wala jina kwenye orodha ya malipo, ataonyesha karatasi gani, na kwa mkono upi?