Filamu, vita na vidonda vya moyo: kupona si kwa dakika tisini

Neno la msingi: Yohana 11:38-44



Juma hili tuzungumze juu ya filamu, maana zimo katika nyumba zetu na katika simu za vijana wetu. Bila kujua, wengi wetu tumejifunza kutoka humo jinsi mtu aliyeumizwa na vita anavyoonekana na jinsi anavyopona. Kisha tunayaleta mafundisho hayo kanisani. Ni vizuri tuyapime.

Uongo wa kwanza: kupona mara moja

Katika filamu nyingi za Kikristo tunazoletewa, dada analia, mchungaji anamwekea mikono, muziki unapanda, na tunapomwona tena anacheka katika nguo mpya. Mungu anaweza kuponya kwa dakika moja. Nahubiri hivyo na nitaendelea kuhubiri. Lakini filamu inaharakisha kwa sababu ina saa moja na nusu tu. Mungu hana shida hiyo. Tazameni Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto aliketi chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Na mbele yake kulibaki mwendo wa siku arobaini.

Uongo wa pili: kisasi kinaponya

Vijana wanamjua Rambo kwa bunduki yake. Wachache wanakumbuka mwisho wa filamu ya kwanza, ya mwaka wa 1982: yule askari shujaa anaketi chini na kulia kama mtoto, kwa sababu rafiki aliyekufa vitani hamtoki moyoni. Risasi zote alizopiga hazikumwondolea picha hiyo. Filamu zilizofuata zilimpa maadui wengi zaidi, na watu wakasahau machozi yake. Hapa Ituri tunajua kisasi kinazaa nini: kinaongeza yatima upande wa pili wa kilima.

Uongo wa tatu: aliyeumia ni kichaa, au ana pepo

Filamu *Rebelle*, ya mwaka wa 2012, ilipigwa Kinshasa. Inamwonyesha Komona, msichana aliyechukuliwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake mwenyewe. Rachel Mwanza, aliyekuwa ameishi katika barabara za Kinshasa, aliigiza nafasi hiyo na kupewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin. Komona anaona wafu wakimtazama. Mtu mwingine angesema haraka, huyo ana pepo. Lakini filamu inatufanya tuelewe: ni maombolezo yaliyozuiwa. Mwishoni anarudi kijijini kuwazika wazazi wake.

Ndugu zangu, mapepo yapo na jina la Yesu linayafukuza. Lakini si kila anayeshtuka usiku ana pepo. Mwili unakumbuka. Mlango ukigongwa kwa nguvu, mtu anarudi Mei 2003 hapa mjini, au anarudi Plaine Savo, Februari 2022. Kukosa usingizi, kuogopa njia fulani, hasira isiyo na sababu, moyo kuwa baridi hata kwa watoto wako: hivyo ni vidonda vya moyo. Mahakama ya La Haye ilithibitisha mwaka wa 2012 kwamba watoto wa chini ya miaka 15 walitumiwa katika vita ya kwetu. Wale kadogo leo ni baba na mama. Wengine huketi katika mabenchi yetu kila Jumapili.

Filamu zinazosema ukweli

Mkongomani mwenzetu Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, ametengeneza filamu za watu halisi. *Maman Colonelle*, ya mwaka wa 2017, inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi, anayelinda wanawake na watoto, wakiwemo watoto walioshtakiwa uchawi. Hapo sisi watumishi tujipime. *En route pour le milliard*, ya mwaka wa 2020, inawafuata waliopoteza miguu na mikono katika vita ya siku sita ya Kisangani, Juni 2000. Wanashuka Mto Kongo kwa boti mpaka Kinshasa kudai haki yao, miaka mingi baadaye. Maumivu yao hayaishi mwishoni mwa filamu. Lakini wanasafiri pamoja, wanacheka, wanagombana, wanasimulia habari yao mbele ya watu. Huko ndiko kupona kunaanzia: mtu kusikilizwa, kuaminiwa, na kutoachwa peke yake.

Mfungueni

Yesu alimwita Lazaro, naye akatoka. Lakini alitoka akiwa amefungwa sanda. Yesu angeweza kuiondoa kwa neno moja. Badala yake aliwaagiza waliosimama pale wamfungue. Kumpa mtu uzima ni kazi ya Bwana. Kufungua sanda ametuachia sisi. Na kazi hiyo inafanyika polepole, kitambaa kwa kitambaa.

Kwa hiyo:

1. Tusimlazimishe mtu kutoa ushuhuda kwamba amepona. Aseme siku yake ikifika.
2. Tusiulize mengi. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri.
3. Tusionyeshe filamu za vita mbele ya watoto waliotoka katika kambi za waliokimbia vita. Kwao si mchezo.
4. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72, ili dawa ya kuzuia ukimwi ifanye kazi. Hapa Bunia kuna Karibuni Wa Mama. Maombi na dawa havigombani.
5. Siri tuliyoambiwa isiwe habari ya kwaya.

Swali la seli juma hili: katika jirani zako, ni nani ametoka kaburini lakini bado amefungwa sanda?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyefufuka na alama za misumari zikiwa bado mikononi mwako, utufundishe kutoaibikia vidonda vya ndugu zetu. Amina.