Maelekezo ya dawa yakija kwa simu, je, mgonjwa wako anaweza kuyasoma?

Siku hizi maelekezo ya dawa, majibu ya vipimo, tarehe ya kliniki na barua ya shule vinafika kwenye simu. Kwa mkazi wa Bulyaga, pale Tukuyu wilayani Rungwe, hii ni nafuu kubwa. Mgonjwa aliyetibiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hana haja ya kusafiri takribani kilomita 70 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, ili kufuata karatasi moja.

Nafuu hiyo haiwafikii wote. Mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu au ambaye mkono wake umedhoofika baada ya kiharusi anaweza kupokea ujumbe huohuo na asiambulie kitu. Mara nyingi shida si simu yake wala si yeye. Shida ni jinsi waraka ulivyoandaliwa, na jambo hilo hurekebishika bila gharama.

Ni nani anayeachwa nje?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, sawa na mtu 1 kati ya 6 duniani, wana ulemavu mkubwa. Wengi hawakuzaliwa nao. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya damu ndani ya jicho. Presha ya macho hula uoni polepole, na uoni uliopotea kwa ugonjwa huo haurudi. Mtoto wa jicho huleta ukungu, ingawa huondolewa kwa upasuaji. Watoto wenye ualbino wengi wana uoni hafifu tangu kuzaliwa.

Mtu aliyepoteza uoni ukubwani mara nyingi hajui kusoma nukta nundu. Kwake, simu inayosoma kwa sauti inaweza kuwa njia pekee ya kusoma bila kumtegemea mtu.

Simu inasomaje?

Simu nyingi za Android zina kisoma skrini kiitwacho TalkBack. Simu za iPhone zina VoiceOver. Kwa kompyuta ipo programu ya NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006, na hutolewa bure. Programu hizi husoma kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye skrini, neno kwa neno. Kwenye Android utaipata TalkBack katika mipangilio, sehemu ya ufikivu. Ukiiwasha, kugusa mara moja husoma na kugusa mara mbili hufungua, kwa hiyo jifunze kwanza namna ya kuizima.

Programu hizi zinahitaji maandishi halisi. Ukipiga picha karatasi na kuituma WhatsApp, wewe unaona maneno, lakini kisoma skrini kinaona picha tu, na mara nyingi kitasema "picha" na kuishia hapo. Hata PDF iliyotokana na kuskani karatasi inaweza kuwa picha vilevile. Zipo programu zinazojaribu kutoa maneno kwenye picha, lakini mwandiko wa mkono, kivuli au karatasi iliyokunjwa huzichanganya. Kwenye kipimo cha dawa, tarakimu moja ikikosewa ni hatari.

Kuna jaribio rahisi. Fungua waraka, kisha bonyeza neno moja na ushikilie. Likichaguka na ukaweza kulinakili, hayo ni maandishi. Lisipochaguka, huenda umeshika picha.

Mfano wa bibi mwenye presha ya macho

Tuseme bibi anayeishi Bulyaga ameandikiwa dawa mbili za matone. Mjukuu wake aliyempeleka hospitali amebaki Mbeya, anampigia picha cheti na kuituma. Bibi anasikia neno "picha". Analazimika kusubiri mtoto wa jirani atoke shule, au kukisia kwa rangi ya vifuniko ambayo nayo haioni vizuri. Matone ya presha ya macho yanatakiwa kutumika kila siku bila kuruka, kwa hiyo siku mbili tatu za kukisia si jambo dogo.

Mjukuu angeandika hivi: "Shikamoo bibi. Una dawa mbili za macho. Ya kwanza ni chupa ndefu. Weka tone moja kila jicho saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Ya pili ni chupa fupi. Weka tone moja kila jicho saa 3 usiku tu. Ukisahau muda na ukajikuta unaziweka pamoja, subiri dakika 5 kati ya dawa moja na nyingine. Kliniki ni Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi." Ujumbe huo simu itausoma wote, na bibi anaweza kuurudia mara kumi bila kumsumbua mtu. Chupa zikifanana, afunge raba kwenye mojawapo ili aitambue kwa kuipapasa.

Andika dawa kwa maneno

Wengi tumezoea "1x3" au "2x2". Kisoma skrini kinaweza kusoma "moja eksi tatu", na mgonjwa akabaki haelewi. Andika "kidonge kimoja, mara tatu kwa siku".

Saa nazo zina mtego wake. Ukiandika "kila saa 8", mwingine ataelewa saa nane mchana. Taja nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Miadi ya "08:00" iandikwe "saa 2 asubuhi". Nusu kidonge iandikwe "nusu kidonge" badala ya "0.5", kwa sababu nukta ikipotea mgonjwa atasikia tano.

Unapoandaa waraka mrefu

Huenda wewe ni mwalimu, mhudumu wa zahanati, katibu wa kamati ya shule au mzazi unayechapisha barua steshenari. Zingatia haya:

1. Vichwa vya habari viwe vichwa kweli. Kwenye Word tumia mtindo wa "Heading", usikoleze tu wino. Asiyeona huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama wewe unavyopitisha macho.

2. Weka lugha ya waraka kuwa Kiswahili. Usipofanya hivyo, sauti inaweza kusoma "dawa" na "chanjo" kwa matamshi ya Kiingereza.

3. Picha na michoro ipewe maelezo mafupi yanayosema kilichomo. "Picha 1" haimsaidii mtu. "Mama akimpa mtoto maji ya chumvichumvi kwa kijiko" inamsaidia.

4. Usitegemee rangi pekee. Mistari ya "vyakula vyekundu usile, vya kijani kula" haina maana kwa asiyetofautisha rangi hizo. Ongeza maneno "usile" na "kula".

5. Herufi ziwe kubwa na zikolee. Viwango vya kimataifa vya WCAG vinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe yanavuka kiwango hicho kwa mbali, ya kijivu hafifu hayafiki. Kwa mwenye uoni hafifu anza na ukubwa wa 18.

6. Majedwali yawe mepesi, kila safu na kichwa chake. Ratiba ya chanjo yenye visanduku vilivyounganishwa husomwa ovyo. Orodha ya kawaida mara nyingi inatosha.

7. Ukimaliza, hifadhi PDF moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Usichapishe kisha ukaskani.

Najua utauliza: na muhuri je? Barua ya shule au ya hospitali huhitaji sahihi na muhuri. Tuma vyote viwili: picha ya barua yenye muhuri, na maneno yaleyale yaliyochapwa chini yake.

Sauti nayo haitoshi peke yake. Ujumbe wa sauti unamfaa asiyeona, lakini kiziwi haumsaidii. Video ya elimu ya afya iwe na maandishi chini yake, na pale inapowezekana mkalimani wa lugha ya alama. Kwa mwenye ulemavu wa akili, sentensi fupi zenye jambo moja moja ndizo zinazoeleweka.

Siri ya mgonjwa

Mgonjwa asiyeweza kusoma majibu yake hulazimika kusomewa. Majibu ya kipimo cha VVU, ya ujauzito au ya ugonjwa wa akili yanapitia kwa jirani, kwa mtoto au kwa bodaboda aliyesimama karibu. Wapo wanaoamua kutokwenda kupima kwa kuogopa hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Waraka ambao mgonjwa anaweza kuusoma mwenyewe kwa visikilizi vya masikioni ni sehemu ya kulinda siri hiyo.

Haki yako ni ipi?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inahusu ufikivu, na ya 21 inahusu kupata taarifa kwa njia anayoiweza mtu. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kuhusu vitabu, upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kutengeneza nakala za sauti, nukta nundu au maandishi makubwa kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020.

Kwa hiyo usione haya kuomba. Hospitalini sema: "Naomba uniandikie maelekezo haya kwa ujumbe wa maandishi, mgonjwa wangu anasomewa na simu." Shuleni, mwambie mwalimu: "Mwanangu ana uoni hafifu, naomba notisi kwa maandishi ya simu, si picha." Jambo hilo ni vizuri liandikwe kwenye faili la mgonjwa au la mwanafunzi, ili usilirudie kila mara. Ukikwama, vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya SHIVYAWATA, kikiwamo Chama cha Wasioona Tanzania, vinaweza kukuelekeza.

Mwisho, usibadili kipimo cha dawa kwa sababu simu imesoma kitu usichokielewa. Piga simu ulikotibiwa au rudi ukaulize. Na kabla ya kutuma maelekezo kwa mgonjwa wako leo, washa kisoma skrini kwenye simu yako, funga macho, usikilize. Ukisikia kila kitu na kukielewa, naye atasikia.