Foleni Iliyoundwa kwa Marundo Mawili: Tatizo la Istilahi

Mwanaisimu aombwaye kuunda istilahi za tarakilishi hukutana mapema na miundo miwili ya kuhifadhia data. Wa kwanza ni rundo: kilichowekwa mwisho ndicho kitolewacho kwanza, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wa pili ni foleni: aliyetangulia kufika ndiye ahudumiwaye kwanza. Kwa mtazamo wa haraka miundo hii yapingana kabisa. Hata hivyo, foleni yaweza kuundwa kwa marundo mawili tu.

Tuchukue silabi za neno "kitabu". Twaziweka katika rundo la kupokelea: ki, kisha ta, kisha bu. Iliyo juu ni bu, ilhali tuitakayo ni ki. Basi twazihamisha mojamoja hadi rundo la pili, la kutolea. Bu yatangulia kwenda chini, ta yaifuata, ki yakaa juu. Mpangilio uliopinduliwa na rundo la kwanza umepinduliwa tena na la pili, na ki hutoka kwanza kama foleni itakavyo.

Sharti ni moja, nalo husahaulika upesi: tusihamishe kitu kabla rundo la kutolea halijaisha. Tuseme ki imekwisha kutoka, na silabi mpya, le, imepokelewa. Tukiihamisha sasa, itaketi juu ya ta na kutoka mbele yake. Foleni itakuwa imevunjwa.

Kuhusu gharama, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Utoaji mmoja waweza kulazimu kuhamisha vitu 1,000, lakini 999 vinavyosalia vitatoka bila uhamisho mwingine. Kila kitu huhamishwa mara moja tu.

Hapa ndipo istilahi inapohusika. Wajerumani Friedrich Bauer na Klaus Samelson, walioomba hataza ya kanuni ya rundo mwaka 1957, waliitumia taswira ya chumba kilicho chini ya nyumba. Taswira si yetu ya sahani. Kanuni ni ile ile. Istilahi basi haina budi kutaja kanuni ya kuingia na kutoka, wala si vijenzi. La sivyo foleni yetu ya hapo juu ingeitwa rundo. Kwa sababu hiyo siungi mkono neno "mlolongo". Nchini Kenya neno hilo limebeba kumbukumbu ya uteuzi wa wagombea wa KANU wa mwaka 1988, ambapo wapiga kura walijipanga mistari wakahesabiwa. Kilichotakiwa pale kilikuwa idadi. Aliyetangulia kufika hakuwa na haki zaidi ya aliyefika mwisho. "Foleni" hulinda zamu. "Rundo" nalo lina dosari, kwani rundo la takataka halina mpango wowote, na huenda "mpangano" ungefaa zaidi.