Je, Wajua? Chupa tupu, mafundi viziwi

Je, wajua kwamba Arusha ina karakana ambako chupa tupu hugeuzwa glasi, taa na shanga, na wengi wa mafundi wake ni viziwi? Inaitwa Shanga. Ilianza mwaka 2007, na ipo ndani ya shamba la kahawa pembezoni mwa jiji.

Mtazame fundi kiziwi wa kioo. Tanuri lina joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Anachota kioo kilichoyeyuka kwa bomba refu la chuma, anapuliza, anazungusha. Akiacha kuzungusha kidogo tu, kioo kinalegea na kwenda upande. Kikipoa haraka, kinapasuka. Na kwa kuwa mikono yake ndiyo inayozungumza, bomba likiwa mkononi maongezi husubiri. Ufundi wa hali ya juu kabisa!

Wageni huweza kujifunza alama mbili tatu za lugha ya alama.

Na hili kila mwajiri wa Tanzania alijue: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwenye kampuni ya watu 100, hao ni watatu tu.