Mbegu haina haja ya samaki: namna ya kuotesha miche kwa akwaponiki

Tangu tuanze kuzungumza hapa juu ya kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale, swali moja linarudi kila mara: "Nilipanda mbegu ndani ya majiwe, samaki wako wazima, lakini hakuna kitu kinaota. Juu ya nini?" Nilisoma agronomia na ndiyo kazi nafanya hapa Goma, basi leo najibu.

Kwa mji wetu hii njia iko na maana. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na parsele nyingi hazina udongo: ukichimba kidogo unagonga jiwe. Lakini lile jiwe jepesi lenye matundu, ambalo wengi wanaliona kama mateso, ndilo zuri la kujaza kitanda. Linashika maji, linapitisha hewa, na bakteria wanapata nafasi nyingi ya kukaa. Lioshe mpaka vumbi iishe. Majiwe ya namna ingine, yadondoshee vinegre kwanza: yakitoa povu, yako na chokaa, achana nayo.

Sasa tuone kwa nini mbegu inakufa. Ndani ya kitanda, maji yanapaswa kukomea sentimita 2 hadi 5 chini ya uso wa majiwe, ili uso ubaki mkavu na ukungu wa kijani usiote. Mche mkubwa hauna shida, mizizi yake inafika chini. Lakini mbegu ya lengalenga ikibaki juu, inakauka. Ikiponyoka kati ya majiwe, inaanguka ndani sana, kwenye giza na maji mengi, na inaoza. Samaki hawana kosa hapo.

Tena mbegu haiombi chakula. Imebeba chakula chake ndani, kinachotosha mpaka majani ya kwanza ya kweli yatoke. Kwa kuota inaomba vitu vitatu tu: unyevu usiokatika, hewa, na joto kidogo. Ndiyo maana nashauri kuotesha pembeni, kisha kuhamisha.

Chukua vikombe vya plastiki, toboa chini, jaza lava iliyosagika na kuchekechwa. Usitumie udongo, juu utaziba majiwe na pompe. Panda, funika kidogo, weka vikombe ndani ya sahani yenye maji machache ili unyevu upande toka chini. Mara tu mbegu zinachomoza, zipeleke penye mwangaza, la sivyo zinarefuka na kulegea. Lengalenga inachomoza haraka. Nyanya inaweza kumaliza wiki nzima au zaidi, juu Goma iko karibu mita 1,500 na usiku ni baridi.

Angalia pia rangi ya mbegu za dukani. Zikiwa zimepakwa rangi, mara nyingi ni dawa ya kuzuia kuvu, na dawa zingine za namna hiyo zinaua samaki. Tafuta mbegu zisizopakwa dawa.

Mche ukifika majani ya kweli 2 hadi 4, uhamishe jioni. Suuza mizizi polepole, fungua shimo, fikisha mizizi pale majiwe yako maji. Maharage na maboga, mbegu zao ni kubwa, unaweza kuzipanda moja kwa moja, mradi ziguse sehemu yenye unyevu.

Jambo la mwisho ni wakati. Uchafu wa samaki unatoa amonia. Bakteria wanaigeuza nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo mmea unakula. Hawa bakteria wanaomba wiki 4 hadi 6 kujijenga, na baridi inawachelewesha. Basi usianze vyote siku moja. Anza maji kwanza, na mbegu wiki 2 au 3 nyuma, ili mche na chakula chake vikutane. Kama unateka ziwa Kivu, pima: pH yake iko karibu 9, wakati kitanda kinapenda 6 hadi 7. Kwa maji ya namna ile, chuma hakishikwi na mizizi, majani yanageuka manjano, na amonia inakuwa kali zaidi kwa samaki. Maji ya mvua yanasaidia sana.

Nasema haya yote juu wengi wetu tunatoka iniversite na diploma mkononi bila kazi, tunaweka franga chache za familia ndani ya mradi, na mradi unaanguka mwezi wa kwanza, kabla samaki hata hawajakua. Kabla ya kununua pompe, otesha vikombe 10 vya lengalenga kwenye dirisha. Vikiota 8, uko tayari kwa kitanda. Vikiota 2, umejifunza kwa bei ya kiganja cha mbegu.